Mjomba anasema gesi ni hewa tu, mgodi unataka cheti

SWALI

Yaya, jambo yenu pale.

Mimi ni fundi wa frigo hapa Lubumbashi, naishi Katuba. Nina miaka 36, mke na watoto wanne. Kazi hii sikuisomea. Nilichukuliwa na mjomba, kaka wa mama, nikiwa na miaka 17. Nilianza kwa kubeba sanduku la vyombo na kumulika tochi. Leo mimi ndiye ninayepanda juu ya bati kufunga klima. Yeye magoti yamekataa, anakaa chini kwenye kiti anaelekeza, na wateja bado ni wake.

Kuna kampuni inayoshughulikia mitambo ya baridi na klima kule migodini, upande wa Kolwezi. Walinijaribu siku mbili, kazi wakaipenda. Mshahara wao wa mwezi mmoja ni zaidi ya ninachopata kwa miezi mitatu. Halafu wakauliza cheti cha kushika gesi za baridi. Sina. Wamenipa hadi mwisho wa mwezi ujao.

Jirani ananiambia kuna mtu mjini anayetoa vyeti hivyo kwa dola 200, na muhuri, na jina la chuo cha nje. Mke wangu anasema ninunue: "Kazi unaijua miaka 19. Unanunua karatasi, hununui akili." Mafunzo ya kweli niliyoulizia yanachukua wiki kadhaa, tena mchana. Wiki hizo nyumbani tutakula nini?

Na mjomba akisikia neno shule ananuna. Kwake ni kama ninasema hakunifundisha kitu. Kwetu, frigo ikiharibika gesi tunaifungulia tu, iende. "Hewa haina mwenyewe," ndivyo anavyosema.

Kuna jambo lingine ambalo sijamwambia hata mke wangu. Wiki tatu zilizopita tulikuwa kwenye chumba cha baridi cha mama mmoja anayeuza samaki thomson karibu na soko la Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, si ile nchi. Kompresa ilikuwa imekwama. Mjomba akasema toa gesi yote tubadilishe. Ilikuwa kama kilo 6 za gesi ya R404A, najua kwa sababu sisi wenyewe tuliijaza mwaka jana. Nikakata bomba. Ikatoka na ile sauti ya nyoka, ukungu mweupe ukashuka chini. Kadogo wetu wa miaka 18 alikuwa amechuchumaa nyuma ya katoni anatafuta spana. Nikaona kimya kimezidi, nikageuka: yuko chini, macho wazi, midomo inacheza bila neno. Tulimvuta nje kwa miguu. Baada ya muda akaamka, akatapika. Mjomba akasema ni njaa, hajala tangu asubuhi. Tukamnunulia mkate.

Mimi usiku ule sikulala. Ninunue karatasi, nirudi shule, au nibaki na mjomba?

Fundi wa Katuba

JIBU

Ndugu fundi,

Haikuwa njaa. Nianzie hapo, cheti kitasubiri kidogo.

R404A ni nzito kuliko hewa. Ukiifungua ndani ya chumba kilichofungwa haipandi juu kutafuta dirisha. Inatandaa chini kama maji ya mvua, inajaa kuanzia sakafuni, na hewa inasukumwa juu. Wewe ulikuwa umesimama. Mjomba, kama namjua fundi mzee yeyote, alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Kijana alikuwa amechuchumaa katikati ya dimbwi lisiloonekana. Gesi hiyo haiwashi macho, haina harufu kali ya kumwambia mtu "toka". Anavuta pumzi kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, ila ndani ya pumzi hamna kitu. Tena gesi za jamii hiyo zikivutwa kwa wingi zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mpeleke kwa daktari wiki hii hata kama anacheka na kupiga stori, na umweleze daktari ukweli, usimpe hadithi ya mkate.

Sikuhukumu. Kabla ya kushika kalamu nilishika manometa, kile kipimo cha presha, miaka kumi na moja, na nimefungulia gesi nyingi kuliko wewe. Tulikuwa tunaita "kusafisha bomba": unaachia gesi kidogo isukume hewa, halafu unafunga. Nilifundishwa hivyo na mtu niliyemheshimu, naye alifundishwa hivyo. Hakuna aliyekuwa mjinga katika ukoo ule. Gesi ilikuwa rahisi, mashine ya kuinyonya hatukuwahi kuiona, na aliyetufundisha hakuwa na mtu wa kumwambia.

Sasa karatasi ya dola 200.

Jiulize kwa nini kampuni ile inaidai. Wenye migodi ile wametoka mbali, na nje huko, nchi nyingi jambo hili ni sheria. Marekani, tangu miaka ya 1990, ni kosa kuachia gesi hizi hewani kwa makusudi wakati wa kutengeneza mtambo. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu fundi aufungue mfumo wenye gesi hizi kama hana cheti. Kwa hiyo siku yako ya kwanza mkubwa wako hatakaa anasoma muhuri. Ataweka mezani mashine ya kunyonya gesi, chupa ya kukusanyia, mizani na mipira ya kupitishia gesi, atarudi nyuma hatua mbili, afunge mikono kifuani, na aangalie mkono wako unaanza na nini.

Mkono uliofundishwa hauanzi na valvu. Unaanza na macho: unasoma kibandiko cha mtambo, gesi gani, kilo ngapi. Kisha unasoma chupa, uzito wake ikiwa tupu umegongwa kwenye chuma cha shingo, unaipandisha kwenye mizani uone tayari ina nini ndani na kama ni gesi ileile. Unatoa hewa kwenye mipira. Unanyonya kwanza ile iliyo majimaji, halafu mvuke. Wakati mashine inanguruma, wewe jicho liko kwenye mizani, kwa sababu chupa hairuhusiwi kupita asilimia 80 ya nafasi yake. Hiyo asilimia 20 inayobaki si uvivu. Majimaji yakipata joto yanatanuka, na chupa iliyojazwa pomoni ikiachwa nyuma ya pikapu kwenye jua la Oktoba hapa kwetu inaweza kupasuka. Ukimaliza unafunga, unasubiri, unatazama kama presha inapanda tena, maana mafuta ya kompresa huwa yameficha gesi. Ikipanda, unanyonya tena.

Yule wa dola 200 hawezi kukuuzia dakika hizo. Na mgodini hakuna kona ya kwenda kumpigia mtu simu.

Mkeo namwelewa, tena usimfanye adui. Amesema kweli nusu: bila karatasi mlango haufunguki, na miaka 19 si mchezo. Nusu nyingine ni kwamba miaka ile 19 umejifunza mambo mengi sawa na machache vibaya, na hayo machache ndiyo yanayopimwa. Nitakupa moja nione kama nakosea.

Unatoaje hewa kwenye mfumo baada ya kulehemu? Nadhani mna kompresa ya frigo kuukuu mliyoigeuza kuwa pampu. Mnaiwasha, sindano ya manometa inashuka, ikisimama mnasema imekauka. Sawa? Lubumbashi iko kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na manometa iliyoandikwa bar, hata ukiifungia pampu bora duniani, haitafika -1. Itagota karibu na -0.88. Nimeona mafundi wawili wakigombana kutwa nzima, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa pampu mbovu, kumbe wanagombana na mlima. Tena sindano ile haiwezi kukuonyesha unyevu. Kwa joto la nyuzi 22, maji yaliyojificha ndani ya bomba yanaanza kuchemka presha ikishuka kufika mikroni 20,000 hivi (mikroni ni kipimo kidogo sana cha presha). Mfumo tunauita mkavu ukifika karibu na mikroni 500, na ukikaa hapo bila kupanda. Kati ya 20,000 na 500, kwenye manometa yako, tofauti ni unene wa sindano yenyewe. Ndiyo maana kuna kipimo cha mikroni, na pampu ya kweli ya vakyumu, ya kutoa hewa yote. Maji yakibaki yanaganda kwenye ule mrija mwembamba, mteja anakuita, unasema "gesi imeisha", unaongeza. Yakikaa zaidi yanakutana na mafuta, yanageuka asidi, kompresa inaungua. Wateja wangapi wa mjomba wanarudi kila mwaka na ugonjwa uleule? Chumba kile cha thomson mlikijaza mwaka jana, leo kompresa imekwama. Simlaumu mtu, nahesabu tu.

Na ile "hewa haina mwenyewe". Kilo moja ya R404A ikiachiwa inapasha dunia joto sawa na kilo 3,922 za kaboni dayoksaidi kwa hesabu ya miaka 100. Kilo zenu 6 zimetoka na uzito wa zaidi ya tani 23. Ni kama mngechoma mapipa 50 ya petroli, yale ya lita 200, pale uani kwa yule mama, asubuhi moja. R22 ya klima kuukuu inapasha kwa karibu nusu ya hapo, lakini ina klorini inayotafuna ozoni, na ni kwa ajili ya gesi zinazotafuna ozoni dunia ilikaa kikao Montreal mwaka 1987. R404A na gesi nyingine ya baridi iitwayo R134a hazigusi ozoni, ila joto lake likawa kesi nyingine, ikapelekwa Kigali, jirani yetu hapa, mwezi Oktoba 2016.

Makubaliano hayo yanakugusa mfukoni kuliko unavyodhani. Kwa nchi zinazoendelea kama yetu, R22 ilitakiwa kupunguzwa kwa asilimia 67.5 kufikia 2025, na mwaka 2030 kubakie asilimia 2.5 tu kwa ajili ya matengenezo. Gesi za kundi la R404A na R134a kikomo chake kilianza 2024, na kuanzia 2029 zinapungua. Kwa hiyo kila chupa unayopulizia hewani ni mali inayoendelea kuwa adimu. Kilo 6 zile, kama kompresa ilikuwa imekwama tu na haijaungua, mngezinyonya, mngezipitisha kwenye filta, na kuzirudisha kwenye mtambo uleule. Yule mama angelipa kazi, asingelipa gesi. Kama iliungua, gesi imechafuka: inakaa kwenye chupa yake, imeandikwa, haichanganywi na nyingine. Iliyochanganywa haimfai tena mtu yeyote. Na zile chupa za kutupa msizijaze tena, hata kama kila mtu pale sokoni anajaza. Hazikutengenezwa kwa hilo.

Adimu nayo inaleta matapeli. Mwaka 2011 mitambo ya makontena ya baridi ililipuka Vietnam na Brazil, mafundi wakafa, kwa sababu gesi iliyouzwa kwa jina la R134a ilikuwa na kloridi ya methili ndani yake, kitu kinachokula aluminiamu na kuacha mabaki yanayowaka yakiguswa na hewa. Chupa ya bei ya kutupa iliyovuka mpaka wa Kasumbalesa bila jina, iache ipite.

Kitu kimoja zaidi, hiki kama fundi kwa fundi. Frigo ndogo mpya mnazoletewa, nyingi zina gesi ya R600a. Kibandiko chake kina alama ya mwali wa moto pale kwenye kompresa. Ni gramu chache, mara nyingi hazifiki 70, haina madhara makubwa kwa anga, lakini inawaka kama ile ya kupikia. Kama mna mazoea ya kufungua mfumo kwa moto wa kulehemu, siku moja mtaufungua ule. Bomba linakatwa kwa kisu chake cha kuzungusha, dirisha wazi, mfumo umeoshwa kwa nitrojeni kabla kiberiti hakijaguswa. Nitrojeni nasema. Atakayekuletea oksijeni kupimia uvujaji mfukuze. Oksijeni na mafuta ya kompresa ni bomu.

Basi, ufanye nini.

Kwanza rudi kwa kampuni ile, usikae unasubiri tarehe. Waambie ukweli: cheti sina, najiandikisha, hii hapa risiti ya kujiandikisha. Walikujaribu siku mbili wakaipenda kazi yako, na fundi wa hivyo hawampati kila wiki. Waulize pia ni cheti gani hasa wanakubali na kutoka wapi, kabla hujalipa faranga moja. Wakikataa kusubiri, utakuwa umepoteza nafasi hiyo na utabaki na mkono uliofundishwa kwa nafasi nyingine. Mimi nisingekasirika sana.

Pili, nenda INPP, ile taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi. Iko tangu 1964 kwa kazi hiyohiyo ya kuwapa ufundi watu wazima, na hapa Lubumbashi ipo. Usiulize tu "mnafundisha baridi?" Uliza: mna mashine ya kunyonya gesi, na kila mwanafunzi anaishika mwenyewe au mwalimu anaonyesha kwa mbali? Kuna mtihani wa mikono? Kuna saa za jioni au Jumamosi kwa anayefanya kazi? Ulizia pia ofisi ya ozoni iliyo chini ya wizara ya mazingira. Kuna mfuko wa kimataifa ulioundwa kwa ajili ya makubaliano ya Montreal, na katika nchi kama zetu umekuwa ukilipia semina za mafundi na vyombo vyao. Semina hizo ni fupi na viti ni vichache. Anayepata ni yule ambaye jina lake tayari liko kwenye orodha.

Kwa chakula cha wiki hizo, kazi za jioni na Jumapili zipo, klima haziharibiki saa za ofisi tu. Na hizo dola 200 ulizokuwa tayari kumpa yule bwana, kwani zilitoka wapi? Zimekwisha kuwa bukari (ugali) ya wiki kadhaa hapo.

Mashine ya kunyonya ni ghali kwa mtu mmoja. Mafundi wanne wa Katuba na Kamalondo wakifanya likelemba, yaani kuchangiana pesa, wanaipata, na wanapeana zamu. Nimeona kikundi kikifanya hivyo kwa pampu ya vakyumu. Waligombana mara moja tu, kuhusu nani abadilishe mafuta.

Mjomba sasa. Hapa nakuomba uende polepole. Usimpelekee neno shule. Nenda Jumapili, na chupa mbili za bia ya Simba zilizopoa vizuri kwenye frigo aliyoitengeneza yeye, na kama kuna mzee mwingine wa upande wa mama anayemsikiliza, nenda naye. Mwambie: "Mjomba, mkono huu uliutengeneza wewe, na watu wa mgodi wameupenda. Wanataka karatasi ya kusema kwamba unajua. Naomba baraka nikaitafute." Usimtaje kadogo mbele ya mgeni. Hilo mwachie mwisho, mkiwa wawili, na uliseme bila kumtazama usoni: ile haikuwa njaa, mjomba, ilikuwa gesi. Kisha nyamaza. Nadhani anajua. Mzee aliyeshughulika na baridi maisha yake yote, ameona mtu anaanguka mlangoni mwa chumba cha samaki, na neno la kwanza mdomoni likawa njaa? Huyo alishituka kuliko wewe.

Kesho asubuhi, kabla ya hayo yote, kama mnaingia tena kwenye chumba cha mtu: mlango wazi, katoni za kutosha nje, feni ikipuliza sakafuni kuelekea nje. Kadogo hachuchumai ndani. Kazi yake ni kusimama mlangoni na kuwaangalia ninyi.